Mtandao wako juu ya masafa ya pamoja: mwongozo wa CBRS hatua kwa hatua

Anayetaka mtandao wa redio wa kwake mwenyewe, uwe wa kiwanda, bandari, chuo au mgodi, hukutana na swali moja kabla ya kununua hata waya: nitarusha mawimbi yangu kwenye masafa ya nani? Wi-Fi haina leseni, lakini ni sokoni, kila mtu anapaza sauti. Masafa ya kampuni za simu yana wenyewe, waliyanunua kwa mabilioni na hawayaachii kirahisi. Marekani ilifungua njia ya tatu mwaka 2015, pale tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipopitisha kanuni za bendi ya CBRS: kuanzia 3550 hadi 3700 MHz, upana wa MHz 150, ambao watu wa aina tofauti wanautumia kwa zamu na kwa heshima. Biashara kamili ilianza Januari 2020.

Nchi nyingine zina njia zao. Uingereza hutoa leseni ndogo za eneo kati ya 3.8 na 4.2 GHz, Ujerumani imetenga 3.7 hadi 3.8 GHz kwa ajili ya viwanda na taasisi, Japani ina mfumo wake wa 5G ya mahali. Huko unapewa kipande chako kwa karatasi, na kinakaa. CBRS ni tofauti, kwa sababu huko anayegawa ni kompyuta na anagawa upya kila wakati. Ndiyo maana inahitaji mwongozo.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Ruhusa ya CBRS ni ya kuazima, tena ya dakika chache, inayohuishwa tena na tena. Karibu makosa yote niliyoyaona kwenye mitandao hii yanatokana na fundi kusahau hilo na kujenga kama mtu aliyejenga kwake.

Hatua ya 1: Wajue unaogawana nao

Bendi ina madaraja matatu. La juu likihitaji nafasi, la chini linasogea.

Juu wapo wenyeji: rada za Jeshi la Majini la Marekani, zikiwemo zinazoongoza ndege kutua kwenye meli za kubeba ndege, na vituo vya ardhini vya setilaiti vilivyosajiliwa. Walikuwepo kabla yako na hawaombi ruhusa kwa mtu.

Katikati wapo wenye PAL, yaani leseni za kipaumbele. Leseni moja ni chaneli ya MHz 10 ndani ya kaunti moja kwa miaka 10, na zote zinakaa kati ya 3550 na 3650 MHz. Kaunti moja ina leseni saba tu, na mnunuzi mmoja hawezi kushika zaidi ya nne. Zilipigwa mnada Julai na Agosti 2020: kati ya leseni 22,631 ziliuzwa 20,625, kwa zabuni zilizozidi dola bilioni 4.5.

Chini wapo watumiaji wa GAA, yaani matumizi ya wazi kwa wote. Huku hakuna mnada wala ada ya leseni, unatumia kilichobaki. Kwa kuwa PAL zote kwa pamoja hazizidi MHz 70, mtu wa GAA ana angalau MHz 80 mahali ambapo mwenyeji hayupo. Na chaneli ya PAL ambayo mwenyewe hajaiwasha hapo ulipo, unaruhusiwa kuitumia hadi atakapokuja.

Anayesimamia foleni hii anaitwa SAS. Ni mfumo wa kompyuta unaoendeshwa na kampuni zilizoidhinishwa na FCC. Google, Federated Wireless, CommScope na Sony ndizo zilizopata idhini ya kwanza kamili. Kituo chako, yaani redio yako na antena yake, hakitoi hata wati moja bila SAS kukubali. Na SAS nayo ina masikio yake, ESC, ambayo ni vipokezi vilivyosimikwa pwani kusikiliza rada za meli. Rada ikisikika, SAS ina sekunde 300 kuhakikisha vituo vyote husika vimehama chaneli au vimenyamaza.

Hatua ya 2: Amua kama GAA inakutosha

Kwa mitandao mingi ya ndani ya majengo, inatosha. Nalisema hili wazi kwa sababu wauzaji hupenda kutisha watu kwamba bila kipaumbele utaonewa. Ghala lenye kuta za bati ni leseni tosha: mawimbi ya jirani hayaingii, ya kwako hayatoki.

Mambo hubadilika ukitoka nje. GAA haina kinga dhidi ya GAA mwenzake. Mtoa intaneti wa vijijini akisimika antena yake kilometa mbili kutoka kwenye uwanja wako na kutumia chaneli ileile, huna pa kushtaki. Mtaelewana kama majirani, au SAS zenu zitawapanga kadiri zinavyoweza. Kama mtandao wako unaendesha mitambo isiyo na dereva juu ya eneo kubwa la wazi, au uko mjini penye watu wengi wa bendi hii, fikiria PAL.

Huhitaji kungoja mnada mwingine. Wenye PAL wanaruhusiwa kukodisha, na wengi walinunua kaunti nzima huku wakitumia kona tu. Tafuta kwenye kumbukumbu za leseni za FCC, ambazo ziko wazi kwa kila mtu, ujue nani anashika kaunti yako, kisha mpigie. Omba chaneli moja au mbili kwa eneo lako tu. Ila kumbuka kwamba hata mwenye PAL humpisha mwenyeji. Kipaumbele kinakukinga na walio chini yako, basi.

Hatua ya 3: Lipime eneo kabla ya kulipenda

Anza na ramani, si na ngazi. Uko umbali gani na bahari? Pwani za Marekani zimezungushiwa maeneo ya ulinzi ambayo huwashwa rada inapopita na kuzimwa inapoondoka. Yapo pia ya bara, karibu na vituo vya kijeshi, ambayo huwekewa nafasi kwa ratiba. Ukiwa ndani ya mojawapo, panga ukijua kwamba baadhi ya chaneli zitakuponyoka mara kwa mara. Kuna na mtego ambao wengi hawaujui: vile vipokezi vya ESC lazima visikie vizuri, kwa hiyo vituo vilivyo karibu navyo hubanwa nguvu. Unaweza kuwa pwani, rada haipo kabisa, na bado ukanyimwa nguvu kwa sababu jirani yako ni sikio. Mwombe mwendeshaji wa SAS akupe makadirio ya chaneli na nguvu kwa kila kituo unachokusudia kabla hujasaini chochote. Wengi wana zana ya kufanya hivyo.

Angalia pia vituo vya setilaiti. Vile vinavyopokea kati ya 3600 na 3650 MHz hulindwa hadi kilometa 150, kwa hiyo usidhani kuwa mbali na bahari kumekumalizia shida.

Baada ya ramani, tembea. Katika 3.6 GHz urefu wa wimbi ni kama sentimeta 8. Wimbi fupi namna hiyo linapita vizuri mlangoni na juu ya uwanja ulio wazi, lakini linakwama kwenye chuma, kwenye vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia joto, na kwenye majani yaliyolowa. Kilometa moja ya hewa tupu peke yake inakula desibeli (kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka) 103 na ushee. Chukua redio ndogo ya majaribio, iweke pale kituo kitakapokaa, zunguka na simu au modemu yenye bendi hiyo, andika namba. Fanya hivyo ghala likiwa limejaa. Ghala tupu linadanganya.

Hatua ya 4: Chagua kundi la kituo

Kanuni zinagawa vituo katika makundi mawili, na hapa ndipo bajeti nyingi hupasuka.

Kundi A ni vituo vidogo: nguvu inayotoka kwenye antena haizidi dBm 30 (dBm ni kipimo cha nguvu kwa desibeli) kwa kila MHz 10, yaani wati moja. Kundi B ni vya nje tu, hadi dBm 47, kama wati 50, na lazima visimikwe na fundi aliyethibitishwa. Simu na modemu za watumiaji haziruhusiwi kupita dBm 23.

Hesabu ya nguvu ni ya kujumlisha na kutoa, haina uchawi. Redio yenye dBm 30, kebo inayopoteza desibeli 2, antena inayoongeza 17: jumla ni 45, uko salama ndani ya kundi B. Weka redio hiyohiyo nyuma ya antena inayoongeza zaidi na utavuka kikomo bila kugusa mpangilio wowote. SAS haioni antena yako, inaamini ulichoandika.

Sasa mtego wenyewe. Kituo cha kundi A kikikaa nje, antena yake isizidi mita 6. Watu wengi hupima kutoka ardhini, wanaona mita 5, wanatabasamu. Lakini kanuni inazungumzia kimo juu ya wastani wa ardhi inayozunguka mpaka kilometa kadhaa. Nguzo ya mita 4 iliyo juu ya kilima inaweza kuhesabika kama ya mita 40. Hapo umeshaingia kundi B, pamoja na fundi wake na karatasi zake. Kiangalie kimo hicho mapema kwa zana ya FCC au ya SAS, sio siku ya kusimika.

Kuhusu teknolojia sitakaa sana. Kwenye LTE (4G) bendi hii ni namba 48, kwenye 5G ni n48. Vifaa vya LTE ni vingi na vya bei nafuu; simu za kawaida zilizouzwa Marekani, tangu enzi za Galaxy S10 na iPhone 11, zinaipokea. Chukua 5G kama kifaa chako cha mwisho, yaani kamera, roboti au skana, kinaijua n48 kweli. Soma karatasi ya modemu iliyo ndani yake, si tangazo.

Hatua ya 5: Mkataba wa SAS na fundi aliyethibitishwa

Chagua mwendeshaji wa SAS kabla ya kununua vituo, kwa sababu si kila kituo kimejaribiwa na kila SAS. Malipo huwa kwa kila kituo kwa mwezi. Utapewa jina la mtumiaji litakaloandikwa ndani ya kila kituo. Kama una vituo vingi, weka wakala, programu inayokaa katikati na kuzungumza na SAS kwa niaba ya vyote. Inakupunguzia milango ya kufungua kuelekea intaneti.

Kisha mtafute fundi aliyepita mafunzo yaliyoidhinishwa na kupewa cheti cha kidijitali. Anahitajika kwa kila kituo cha kundi B, na pia kwa kundi A ambacho hakiwezi kujua chenyewe kilipo, na vituo vingi vya ndani haviwezi kwa kuwa GPS haifiki. Kazi yake si kupanda ngazi tu. Anaandika taarifa za usimikaji na kuzitia sahihi kwa cheti chake: latitudo na longitudo kwa usahihi wa mita 50, kimo kwa usahihi wa mita 3, ndani au nje, mwelekeo wa antena kwa digrii, mwinamo wake, upana wa boriti yake (mwale wa mawimbi yake), na nguvu ya juu inayoweza kutoka.

Kama kuna sehemu moja ya kazi hii ya kufanya polepole, ni hii. SAS hupiga hesabu ya nani anamkera nani kwa kutumia namba hizi peke yake. Niliwahi kukesha na mtandao wa ghala uliokataa kusajiliwa. Redio nzima, kebo nzima, intaneti ipo. Tukabadilisha boksi, tukabadilisha swichi, tukalaumu SAS. Kulipokucha mwenzangu akaisoma longitudo kwa sauti. Longitudo zote za Marekani bara huanza na alama ya kutoa, na yetu haikuwa nayo. Karatasini ghala letu lilikuwa Asia. Kosa lingine la aina hiyo ni kuandika kimo kwa futi mahali panapotakiwa mita. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu linakubaliwa, kisha unanyimwa chaneli miezi mizima bila kujua kwa nini.

Hatua ya 6: Saa moja kwa wote

Kwenye bendi hii kituo na simu hupokezana chaneli moja, mmoja akisema mwingine ananyamaza. Kwa hiyo vituo vyote lazima viwe na saa moja, tofauti isizidi mikrosekunde 1.5 kutoka saa ya marejeo. Njia rahisi ni antena ya GPS kwa kila kituo. Ndani ya jengo, weka saa kuu moja yenye GPS juu ya paa na uisambaze kwa itifaki ya PTP, kupitia swichi zinazoielewa. Swichi ya kawaida italeta saa iliyochelewa, na utadhani ni kelele za jirani.

Halafu kuna mgao wa zamu. Kwenye LTE, mpangilio namba 2 hutoa fremu ndogo (vipande vya muda) sita za kushuka kwenda kwenye kifaa na mbili za kupanda kutoka kwake. Namba 1 hutoa nne kwa nne. Watu huchagua namba 2 kwa mazoea ya intaneti ya nyumbani, ambako kila mtu anapakua. Mtandao wa kiwanda uko kinyume: kamera na vitambuzi vinapandisha. Kwa kamera chagua namba 1. Lakini jirani yako wa chaneli hiyohiyo akitumia namba 2, kuna nyakati kituo chake kitapiga kelele huku chako kinasikiliza, kwa hiyo ongea naye kwanza.

Hatua ya 7: Laini na kiini cha mtandao

Hapa pita haraka, kwani wauzaji wengi hukuletea kiini, yaani programu inayotambua laini na kuelekeza data, kikiwa tayari ndani ya seva moja. Unachotakiwa kujua ni kwamba laini zako (SIM) zitabeba namba ya mtandao 315-010, inayotumiwa na mitandao yote ya CBRS isiyo na namba yake. Ili laini zako zisigongane na za mtu mwingine mwenye 315-010, omba fungu lako la namba za laini kwa ATIS, ambao ndio wanaoligawa nchini Marekani. Usijitungie. Inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku jirani naye atakapojitungia zilezile.

Weka kiini hapohapo kwenye eneo lako kama data haitakiwi kutoka nje. Hilo ndilo linalowafanya wengi waache Wi-Fi na wingu.

Hatua ya 8: Washa

Kituo kinapowaka hupitia hatua nne na SAS. Kinajisajili. Kinauliza chaneli zipi ziko wazi. Kinaomba kibali cha chaneli fulani kwa nguvu fulani. Kisha kinaanza kutuma mapigo, ujumbe mfupi wa kusema nipo, naomba niendelee. Ni baada ya jibu la pigo ndipo kinarusha mawimbi.

Usimwahidi bosi kwamba mtandao utawaka siku ya kusimika. Kila usiku SAS zote hubadilishana taarifa za vituo vyao na kupiga upya hesabu za ulinzi. Kituo kipya kilichoingia mchana mara nyingi hungoja zamu hiyo ya usiku kabla ya kupata chaneli yote au nguvu yote kilichoomba. Sajili Jumatatu, jaribu Jumatano.

Mambo yakikwama, soma namba ya jibu kwenye kumbukumbu za kituo badala ya kuzima na kuwasha. Namba 102 ni taarifa iliyokosekana, 103 ni taarifa isiyokubalika (tazama alama ya kutoa). 200 ina maana usajili unasubiri kitu, kwa kawaida ile sahihi ya fundi. 400 ni kwamba chaneli uliyoomba ingemkera mwingine. 501 ni kibali kusimamishwa kwa muda, huenda rada inapita. 500 ni kufutwa kabisa, omba kingine.

Hatua ya 9: Jifukuze mwenyewe

Hatua hii haimo kwenye vitabu vya wauzaji, nami siukabidhi mtandao bila kuifanya. Chomoa waya wa intaneti, angalia saa.

Mtandao wako ni wa ndani, kiini kiko ndani, kamera na seva ziko ndani. Kwa akili ya kawaida, intaneti ikikatika hakuna cha kuharibika. Lakini kituo hakiwezi tena kutuma mapigo. Kibali kimoja cha kurusha hakizidi sekunde 240, na kikiisha kituo kina sekunde 60 kunyamaza. Ndani ya dakika tano kiwanda kizima kimezimika kwa sababu faiba ya barabarani imekatwa na mtu anayechimba mtaro. Mwaka 2024 masharti yalilegezwa kwa vituo vilivyo mbali na maeneo ya rada, vikaruhusiwa kukaa hadi saa 24 bila mawasiliano. Uliza SAS yako kama vituo vyako vimo. Vyovyote iwavyo, weka njia ya pili kwa kampuni nyingine, hata modemu ya kampuni ya simu. Mapigo ni ujumbe mdogo sana. Hayahitaji njia pana.

Rudisha waya. Sasa mwombe mwendeshaji wa SAS, au tumia mpangilio wa kituo, akuondoe kwenye chaneli uliyopo. Pima sekunde ngapi zinapita mpaka kituo kipate chaneli nyingine na vifaa virudi. Simu hurudi upesi. Skana za zamani na modemu za viwandani nyingine hukaa dakika nzima zikitafuta, na zipo ambazo hazirudi mpaka zizimwe na kuwashwa. Ukizigundua leo, uzirekebishe leo: punguza orodha ya masafa zinazopekua, sasisha programu yake, au zitoe. Kisha rudia zoezi saa ya kazi, watu wakiwepo, ukiwa umewaambia.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja na uubandike kwenye mlango wa chumba cha seva: jina la mtumiaji wa SAS, namba ya dharura ya mwendeshaji wake, namba ya mfululizo ya kila kituo na mahali kilipo, jina la fundi aliyetia sahihi, na onyo kwamba antena isiguswe wala isizungushwe bila taarifa mpya kupelekwa. Mtu wa matengenezo atakuja na ngazi mwakani kubadilisha taa, ataona antena imemkalia njiani, ataihamishia ukuta wa pili.